Anza na Unachokijua: Somo la Kiingereza kwa Vijana wa Kisiwani

Somo letu la leo ni kwa vijana wa miaka 13 hadi 19 wanaojifunza Kiingereza, na kwa wazazi na viongozi wa vikundi wanaokaa nao baada ya shule. Linahusu mambo matatu ambayo vitabu vya Kiingereza huyaweka pamoja: wakati wa mapumziko, burudani, na wanyama. Mtu aweza kulisoma peke yake, lakini litafaa zaidi likisomwa na wawili au zaidi, kila mmoja na daftari lake na kalamu.

1. KWA NINI KIJANA HUNYAMAZA?

Mwulize kijana wa Kibokoni, Kuze au Makadara kwa Kiswahili: "Jioni hufanya nini?" Hutamaliza kumsikiliza. Atakueleza habari za mpira na aliyekosa penalti, habari za bao na wazee wasiokubali kushindwa, na habari za kuogelea maji yakijaa. Sasa mwulize swali hilo hilo kwa Kiingereza. Mara nyingi utasikia: "My hobby is reading novels and watching movies." Kisha kimya.

Jibu hilo amelikariri. Ukimwuliza ni riwaya gani, anakwama, kwa kuwa nyuma ya jibu hakuna kitu. Si kwamba kijana hana akili, wala si kwamba hana la kusema. La kusema analo tele, ila hajaambiwa kwamba linafaa kusemwa kwa Kiingereza.

Tunaona sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba vitabu vingi viliandikwa kwa watoto wa mbali. Vinamfundisha kijana kusema anakusanya stempu au anateleza kwenye theluji, naye stempu anaziona posta tu, na theluji hajaigusa. Ya pili ni hofu. Kwa miaka mingi katika shule nyingi za Kenya, mtoto aliyesikika akisema Kiswahili au lugha ya nyumbani alivishwa kipande kilichoitwa diski, akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Mtoto aliyelelewa hivyo hujifunza kwamba lugha moja ni ya aibu na nyingine ni ya hatari. Basi njia iliyo salama ni kufunga mdomo.

Hili si jambo dogo kwa mji wetu. Mombasa inaishi kwa bandari na kwa wageni. Anayewaongoza wageni Fort Jesus, karani anayeshughulika na meli, mpokeaji wageni hotelini, wote hao huulizwa habari za hapa, si habari za theluji. Tena saa za jioni za kijana zina wateja wengi. Muuza unga naye anazitafuta saa hizo. Hatusemi kwamba Kiingereza peke yake kitamkinga mtu na unga. Tunasema kwamba kijana mwenye jambo alipendalo, na wenzake wa kulizungumza pamoja, saa zake zimeshapata mwenyewe.

Basi shauri letu ni hili: anza na unachokijua. Neno geni hushika vizuri likifungwa kwenye kitu ambacho jicho limekwisha kukiona na mkono umekwisha kukishika.

2. MGENI ALIYEJIFUNZA KWA DAFTARI

Njia hii si mpya hapa Mombasa. Mwaka 1844 alifika Mombasa mmisionari Johann Ludwig Krapf, Mjerumani. Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, mkewe Rosina alifariki hapa, na kaburi lake liko ng'ambo ya pili, upande wa Nyali. Krapf hakuondoka. Mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann walianzisha kituo cha Rabai, na miaka hiyo yote aliendelea kuandika maneno aliyoyasikia kwa watu.

Kazi hiyo ilizaa kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza, iliyochapishwa London mwaka 1882, miezi michache baada ya kifo chake. Angalieni jambo moja: Kiingereza hakikuwa lugha ya mama yake. Aliyeandika kamusi ile alikuwa mgeni katika lugha zote mbili. Hakungoja kwanza aseme bila kosa. Aliuliza, akaandika, akauliza tena.

Kijana, nawe fanya hivyo, ila kwa upande wa pili. Yeye alitafuta maneno ya Kiswahili ya vitu vya hapa. Wewe unavijua vitu na unayo maneno yake. Kinachobaki ni kutafuta neno la Kiingereza la kila kimoja na kuliandika.

3. BURUDANI ZETU KWA KIINGEREZA

Hebu tuanze na vitenzi viwili ambavyo huwakosesha wengi.

Kucheza. Kwa Kiswahili tunacheza mpira, tunacheza karata, na arusini tunacheza ngoma. Kwa Kiingereza mpira na karata ni "play", lakini ngoma ni "dance". Na kuogelea au kuvua samaki havichezwi: husemwa "go swimming" na "go fishing". Kwa hiyo: "I play football on Saturday. I go swimming on Sunday."

Kupiga. Sisi hupiga karibu kila kitu. Kupiga picha ni "take a photo". Kupiga mbizi ni "dive". Kupiga gumzo ni "chat". Kupiga ngoma ni "play the drums". Kupiga simu ni "make a call". Ukitafsiri neno kwa neno, utamwambia mgeni kwamba ulimchapa simu yako. Kila "kupiga" liandike daftarini pamoja na mwenzake, wala usiliache peke yake.

Sasa chukua mchezo mmoja unaoujua vizuri, umfundishe mtu kwa Kiingereza. Tuchukue bao. Bao la Kiswahili lina safu 4, kila safu mashimo 8, na kete zake ni 64. Ukijua kwamba safu ni "row", shimo ni "hole", na kete ni "seed", tayari una maneno haya: "The board has four rows. Each row has eight holes. We use sixty-four seeds. Two people play." Sentensi nne tu, na kila moja ni ya kweli. Endelea kwa kueleza jinsi ya kuanza, jinsi ya kula kete za mwenzako, na nani ameshinda. Aliyekaa barazani akaeleza bao mpaka mgeni akacheza, huyo amefaulu mtihani ambao haumo katika kitabu chochote.

Vivyo hivyo tiara. Tiara ni "kite", na kurusha tiara ni "fly a kite". Hapo utapata nafasi ya kueleza pepo zetu: kaskazi inayovuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi inayofuata. Ukisema "The wind comes from the north-east in January", umesema habari ya burudani na ya jiografia kwa pumzi moja.

Kuna maneno mengine ya kuangaliwa:

(a) "Hobby" na "habit". La kwanza ni jambo ulipendalo wakati wa mapumziko. La pili ni mazoea, mema au mabaya. Kuuma kucha si "hobby".

(b) "Bored" na "boring". Ukichoka kwa kukosa la kufanya sema "I am bored." Ukisema "I am boring", umesema kwamba wewe ndiwe unayechosha watu.

(c) "Fun" na "funny". Mechi iliyokufurahisha ni "fun". Kinachochekesha ni "funny". Mechi yaweza kuwa "fun" bila mtu kucheka hata mara moja.

(d) "Me I like". Hili twalisikia kila siku, kwa sababu ndivyo Kiswahili kinavyosema: "Mimi napenda." Kwa Kiingereza "I like" yatosha.

4. WANYAMA WALIO KARIBU

Mtu akitaja wanyamapori, wengi wetu hufikiria simba na ndovu wa Tsavo. Lakini vijana wengi wa kisiwani hawajafika Tsavo. Je, wakose la kusema? Hapana. Tazameni ukutani usiku: mjusi kafiri, ambaye kwa Kiingereza ni "gecko". Tazameni juu jua likitua: popo wakielekea kwenye miembe, "fruit bats". Nendeni soko la samaki la Mji wa Kale, karibu na Bandari ya Kale: pweza ni "octopus", papa ni "shark", kamba ni "prawn", kaa ni "crab". Na taa? Si ile ya kuwasha. Samaki huyo bapa huitwa "ray".

Lugha mbili haziligawi pato sawasawa. Mahali pengine Kiingereza kina maneno mengi kuliko sisi, na mahali pengine sisi tunakizidi. Tazameni:

Panya. Kwetu ni panya tu, mkubwa na mdogo. Kwa Kiingereza yule mdogo ni "mouse" na yule mkubwa wa mtaroni ni "rat".

Pembe. Kwetu mbuzi ana pembe, ndovu ana pembe, na chumba kina pembe. Kwa Kiingereza ya mbuzi ni "horn", ya ndovu ni "tusk", na ya chumba ni "corner". Wageni wote hupiga picha zile pembe kubwa za Moi Avenue, zilizowekwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ziara za jamaa ya kifalme ya Uingereza. Mgeni akikuuliza kama ni za ndovu, mjibu: "No, these tusks are made of aluminium." Ukimwambia ni "horns" atashangaa.

Kobe na kasa. Hapa lugha zimepatana. Wa nchi kavu ni kobe, "tortoise". Wa baharini ni kasa, "turtle". Wako watu waliozaliwa na Kiingereza wanaowachanganya hawa wawili. Kijana wa pwani hana sababu ya kuwachanganya.

Nazi. Hapa sisi ndio matajiri: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Kiingereza kina "coconut", kisha lazima uongeze maelezo, kama "young" au "ripe". Kijana asijione maskini wa lugha. Aliyezaliwa na maneno matano ya tunda moja ana mzigo wa kutoa, si wa kupokea tu.

Tena liko swali la "he", "she" na "it". Kwetu kila mnyama huingia katika ngeli moja na watu: mtu anakuja, kaa anakuja, kobe anakuja. Kwa Kiingereza mnyama usiyemjua ni "it". Akishapewa jina na akawa kama mtu wa nyumbani, huitwa "he" akiwa dume na "she" akiwa jike. Kunguru wa jalalani ni "it". Paka wako mwenye jina ni "he" au "she". Kanuni hii mtaiona vizuri katika hadithi ifuatayo.

5. HADITHI YA OWEN NA MZEE

Hadithi hii ni ya pwani yetu, na ilisomwa dunia nzima.

Ukivuka daraja la Nyali na kufuata barabara ya Malindi, utafika Bamburi. Kiwanda cha saruji cha hapo kilianza uzalishaji mwaka 1954, na uchimbaji wa mawe uliacha mashimo makubwa makavu. Mwaka 1971 René Haller, mzaliwa wa Uswisi, alianza kupanda miti humo. Ilijaribiwa aina 26, nyingi zikafa, na mvinje ukawa kati ya michache iliyostahimili. Lakini majani ya mivinje yalirundikana bila kuoza. Ndipo jongoo, yaani "millipede", akafanya kazi: aliyala majani, akayageuza kuwa udongo. Mdudu tunayemruka njiani alisaidia kuotesha msitu. Mahali hapo leo panaitwa Haller Park.

Tarehe 26 Desemba 2004 bahari ilichafuka kwa tsunami iliyotokea Asia. Mtoto wa kiboko kutoka kundi la mto Sabaki alikwama baharini karibu na Malindi, mama hayupo. Watu walihangaika naye kwa kamba na nyavu mpaka wakamtoa, akapewa jina la mmoja wa waliomkamata: Owen. Akapelekwa Haller Park. Huko alimkimbilia kobe mkubwa wa asili ya Aldabra, mwenye umri uliokadiriwa kuwa miaka 130 hivi, aliyeitwa Mzee. Kobe mwanzo alimkataa. Owen hakubanduka. Siku zilivyopita wakawa wanakula pamoja, wanalala pamoja, na kuogelea pamoja. Baadaye Owen aliwekwa na kiboko jike aitwaye Cleo.

Habari hii iliandikwa kitabu cha watoto kwa Kiingereza, kilichochapishwa mwaka 2006. Mmoja wa waandishi wake ni Paula Kahumbu, Mkenya mtaalamu wa wanyama, aliyekuwa akifanya kazi hapo Bamburi. Watoto wa Marekani na Uingereza walijifunza neno letu "mzee" kwa sababu mtu aliyekuwa hapa aliweza kulieleza jambo la hapa kwa lugha yao.

Hii ndiyo faida tunayoizungumzia. Mambo ya pwani yataelezwa tu, tupende tusipende. Swali ni nani atakayeyaeleza: sisi tuliyoyaona, au mpita njia wa siku tatu?

Zoezi: simulia hadithi hii kwa Kiingereza kwa sentensi kumi. Tumia "he" kwa Owen na kwa Mzee. Tumia kitenzi cha wakati uliopita: "was", "found", "took", "followed", "slept". Usiangalie karatasi.

6. MJADALA: KUNGURU

Mtu hawi hodari wa lugha mpaka aweze kubishana kwayo bila kugombana. Jambo la kubishania liko juu ya paa zetu.

Kunguru huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu asili yake ni Bara Hindi. Alifika Unguja katika miaka ya 1890, na hapa Mombasa alionekana mwaka 1947. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, huiba vifaranga, na huchafua mahali pa kulia chakula. Mwezi wa Juni 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni 1 kufikia mwisho wa mwaka huo, wakiwemo wa kuuawa kwa sumu.

Gaweni kikundi sehemu mbili. Upande wa kwanza useme kunguru wauawe, kwa kuwa ndege wa asili wanamalizika. Upande wa pili useme kwamba kunguru hufuata taka, na tukiacha jalala wazi watarudi tu. Kila mmoja aseme sentensi tatu akianza hivi: "I think", "because", "but". Asiyekubaliana asizomee. Aseme "I don't agree", kisha atoe sababu. Mwisho pigeni kura, na mkiona kwamba taka ndiyo shina la jambo, basi mtaa wenu mnaujua na mifagio mnayo.

7. MPANGO WA WIKI NNE

Wiki ya kwanza: andika daftarini maneno 5 kila siku ya vitu ulivyoviona mwenyewe. Yasiyokuwepo machoni pako siku hiyo usiyaandike.

Wiki ya pili: mfundishe mwenzako mchezo mmoja kwa Kiingereza. Aliyefundishwa aucheze. Asipoweza, eleza upya.

Wiki ya tatu: tembeeni pamoja kutoka Fort Jesus hadi Bandari ya Kale. Mmoja awe mgeni, mwingine mwenyeji, kisha mbadilishane. Mwenyeji ajue angalau haya: ngome ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na mwaka 2011 iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia.

Wiki ya nne: simulieni Owen na Mzee, kisha fanyeni mjadala wa kunguru.

Sheria ni moja kwa wiki zote: hakuna kumcheka anayekosea. Mwenzako akikosa, ngoja amalize, kisha useme sentensi yake vizuri, naye airudie. Wazazi, nanyi tunawaomba: msiwakataze watoto Kiswahili ili wajue Kiingereza. Neno la pili hushikilia la kwanza, kama ngazi inavyoegemea ukuta. Ukiuvunja ukuta, ngazi itaegemea wapi?

8. MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Ni jambo gani ulipendalo jioni ambalo hujawahi kulisema kwa Kiingereza? Ni maneno gani matatu yanayokukosekana?
2. Kwa nini Owen huitwa "he" na kunguru wa jalalani "it"?
3. Taja neno la Kiswahili ambalo Kiingereza hakina neno moja la kulieleza. Lieleze.
4. Katika mtaa wenu, ni nani anazitafuta saa za jioni za vijana? Kikundi chenu kinaweza kuwapa nini badala yake?

Jibuni kwanza kwa Kiswahili, mpate kuelewana. Kisha rudieni kwa Kiingereza, polepole, kila mmoja kwa zamu yake.